Msimu wa Tano: Majira ya Baridi, Safari na Kalenda katika Historia ya Wajapani

Mwandishi wa Kiswahili atakaye kueleza habari za Japani katika miezi ya baridi hukutana na taabu tangu neno la kwanza. Neno ‘kipupwe’ lipo, na baadhi ya wafasiri wamelitumia. Lakini kipupwe chetu ni ubaridi wa Juni, Julai na Agosti, wakati kusi inapovuma, na katika miezi hiyo Mjapani hutokwa jasho. Neno ‘theluji’ tumelipata kwa Waarabu, na ‘barafu’ kwa Waajemi. Hili la pili limegeuka maana njiani, kwani ‘barf’ ya Waajemi ndiyo theluji yenyewe, iangukayo kama pamba, nasi tukaipa jina hilo maji yaliyoganda. Si ajabu. Maneno hayo yaliletwa katika pwani ambayo mtu aliweza kuishi miaka themanini bila ya kuhitaji kutofautisha vitu hivyo viwili. Katika insha hii nitasema ‘majira ya baridi’, maneno marefu kidogo lakini yasiyodanganya.

Naanza na maneno kwa sababu habari yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni habari ya maneno. Mgeni aendaye Japani leo katika Desemba au Januari huonyeshwa mambo mengi ya kumfurahisha: umati wa watu wakienda hekaluni usiku wa mwaka mpya, chemchemi za maji ya moto zilizozungukwa na theluji, sanamu kubwa za theluji huko Sapporo, milima yenye watu wanaoteleza kwa mbao. Huambiwa kwamba hizi ndizo desturi za majira ya baridi za Wajapani, naye huondoka akiamini kwamba ameona mambo ya kale. Baadhi ni ya kale kweli. Mengine umri wake ni umri wa reli. Na mengine ni ya kale lakini yamehamishwa, yakawekwa mahali pasipo pao katika mwaka. Ushahidi wa uhamisho huo haukufutika, kwa sababu watu hubadilisha kalenda upesi kuliko wanavyobadilisha msamiati.

Kabla ya mwaka 1873 Wajapani waliuhesabu mwaka kwa kalenda ya asili ya Uchina iliyounganisha mwezi na jua. Mwezi ulianza kwa mwandamo, kama ule wetu wa Kiislamu; lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu uliongezwa mwezi wa kumi na tatu, ili miezi isiyakimbie majira. Pamoja na miezi hiyo palikuwa na hesabu nyingine iliyofuata jua peke yake. Mwaka uligawanywa mafungu 24 ya siku kumi na tano hivi, na kila fungu likagawanywa vipande vitatu vya siku tano tano, jumla vipande 72. Kila kipande kilikuwa na jina la jambo lionekanalo kwa macho katika siku hizo, la ndege, la mmea au la hali ya hewa. Majina ya kwanza yalikuwa ya Kichina, yakieleza mambo ya Uchina, na Wajapani waliyatumia kwa karne nyingi hata pale yasipolingana na nchi yao. Mtaalamu wa nyota Shibukawa Shunkai, aliyetengeneza kalenda iliyoanza kutumika mwaka 1685, ndiye aliyeyarekebisha yapatane na hali ya Japani. Wasomaji wa jarida hili wataikumbuka miongo ya pwani yetu, ile hesabu ya siku kumi kumi iliyoanzia Siku ya Mwaka, ambayo kwayo mkulima alijua siku ya kupanda na nahodha siku ya kutweka tanga. Mkulima wa Kijapani na mkulima wa Unguja wangaliweza kuelewana juu ya jambo hili bila ya maelezo mengi.

Katika kalenda hiyo siku ya kwanza ya mwaka ilianguka, kwa tarehe za leo, baina ya mwisho wa Januari na yapata tarehe 20 ya Februari. Ilikuwa jirani, basi, na siku ambayo hesabu ya jua huiita mwanzo wa majira ya kuchipua, yaani tarehe 4 Februari hivi. Mwaka mpya na majira ya kuchipua viliingia kwa mlango mmoja. Salamu za siku ile zilitaja kuchipua, na mti wa ume, ambao hutoa maua ungali baridi, ulikuwa karibu kufunguka au umekwisha kufunguka. Usiku wa kuamkia siku hiyo ya kuchipua watu walikaanga maharage ya soya na kuyarusha ndani ya nyumba na nje ya mlango ili kuwafukuza mashetani. Desturi hiyo ingaliko, nayo huitwa setsubun, jina ambalo maana yake ni mgawanyo wa majira. Majira ya baridi yalikuwa miezi mitatu ya mwisho wa mwaka, na mwaka ulikufa pamoja nayo. Kwa mfanya biashara kufa huko kulikuwa na hesabu zake, maana madeni yalilipwa siku ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili. Mwandishi Ihara Saikaku alitunga kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1692, juu ya wadai na wadaiwa wanaotafutana na kukimbiana katika siku hiyo moja.

Waliouhifadhi mpango huu wa mwaka ndani ya lugha ni washairi. Shairi fupi liitwalo haiku lina mizani 17, na hilo halitamshangaza mtu aliyelelewa katika ushairi wa vina na mizani. Kanuni yake ya pili ndiyo isiyo na mfano kwetu: kila shairi lazima liwe na neno moja la msimu, liitwalo kigo. Neno hilo si lazima litaje msimu kwa jina. Mwezi wa mbinguni, ukitajwa peke yake, ni wa majira ya kupukutika kwa majani. Anayetaka mwezi wa majira ya baridi sharti aseme hivyo. Ili mshairi asikosee, yapo makusanyo yaitwayo saijiki, ambayo ni kamusi kamili zilizopangwa kwa majira badala ya herufi: hali ya hewa, sherehe, vyakula, nguo, wanyama na mimea, kila kitu katika msimu wake, pamoja na maelezo na mifano ya mashairi. Mtunga kamusi yeyote atawaonea kijicho watu ambao kamusi yao husomwa kwa kustarehe kando ya moto.

Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyeweka maneno haya mahali pake. Japani ina majira ya baridi ya namna mbili. Pepo zitokazo Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani, ambayo ina ujoto kuliko hewa ile, zikachukua mvuke mwingi, kisha zikagonga safu ya milima iliyo katikati ya kisiwa kikubwa. Upande wa magharibi wa milima theluji huanguka kwa wingi usiosadikika. Katika vijiji vya mabonde ya Echigo, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Niigata, hurundikana mita tatu na kuzidi. Pepo zikisha kuvuka milima hazina tena maji, na upande wa mashariki, uliko mji wa Edo ulioitwa Tokyo tangu mwaka 1868, huwa na mbingu safi na baridi kavu. Wengi wa waliotunga na kupanga maneno ya majira walikuwa watu wa Kyoto na Edo. Kwao theluji ilikuwa mgeni wa siku chache, na kumpokea mgeni huyo kulikuwa na jina lake, yukimi, yaani kutazama theluji, pamoja na mvinyo na marafiki.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ni picha moja ya Hiroshige. Katika miaka ya 1833 na 1834 msanii huyo alitoa mfululizo wake wa picha za vituo 53 vya Tokaido, njia kuu iliyoanzia Edo hadi Kyoto. Picha ya kituo cha Kanbara yaonyesha wasafiri watatu usiku, wameinama chini ya mzigo wa baridi, theluji imefunika paa na vilima, na kimya kimetanda. Ni mojawapo ya picha zinazopendwa kupita zote alizofanya. Basi Kanbara iko pwani ya Suruga, mahali penye ujoto, ambapo theluji huanguka kwa nadra na kamwe si kwa kiasi kile. Watu wamebishana sana juu ya sababu yake. Kwa maoni yangu sababu haikufichika: picha zilinunuliwa na watu wa Edo, na watu wa Edo walitaka theluji katika safari yao ya karatasi.

Yupo mtu mmoja aliyeyajibu haya, naye hakuwa mshairi wa mji mkuu. Suzuki Bokushi alizaliwa mwaka 1770 katika kijiji cha Shiozawa huko Echigo, akawa mfanya biashara wa nguo za chijimi, zifumwazo kwa nyuzi za mmea mfano wa kitani. Alipokwenda Edo kwa biashara aling’amua kwamba watu wa huko hawakujua lolote juu ya theluji ya kwao. Akaazimia kuandika kitabu. Ilimchukua yapata miaka arobaini kukitoa. Alikabidhi habari zake kwa waandishi mashuhuri wa Edo mmoja baada ya mwingine, na kila mara jambo liliahirishwa au lilikufa, hata kitabu kilipochapishwa mwaka 1837 mwenyewe alikuwa mzee wa miaka karibu sabini. Kinaitwa Hokuetsu Seppu. Ndani yake mna picha za punje za theluji kama zionekanavyo kwa darubini ya vitu vidogo, zilizochukuliwa katika kitabu cha mwaka 1832 cha Doi Toshitsura, mtawala wa Koga, ambaye alizichunguza kwa miaka mingi. Mna habari za nyumba zilizozikwa hata mchana ukawa giza, za kazi ya kupakua theluji juu ya mapaa kila siku kama mtu apakuavyo udongo, na za vyombo vya kutembelea: viatu vya majani ya mpunga na duara za miti zilizofungwa chini ya nyayo ili mguu usizame.

Bokushi hakuwachukia washairi. Alisema tu kwamba furaha ya theluji ni ya wale ambao kwao huanguka kidogo, na kwamba aliyezaliwa katika nchi ya theluji haoni la kufurahia katika kitu kinachomla nguvu zake nusu ya mwaka. Katika visa vyake kimoja ni cha mume na mke vijana waliotoka siku yenye mbingu safi kwenda kumwonyesha mtoto wao mchanga kwa wazazi wa mke. Tufani ya theluji iliwakuta njiani. Walionekana wamekufa wamekumbatiana, na mtoto yu hai kifuani mwa mama yake. Kisa hiki kimesimuliwa bila ya madaha yoyote, na nafikiri kina haki ya kuwekwa kando ya picha ya Kanbara kila inapotundikwa.

Haina maana kwamba watu wa kawaida hawakusafiri katika majira ya baridi, wala kwamba hawakufurahi. Mkulima alikuwa mfungwa wa shamba lake tangu kupanda mpunga hadi kuvuna, na safari ndefu aliweza kuifanya tu shamba linapolala. Ndiyo maana wakulima wengi wa mashariki na kaskazini waliokwenda kuhiji Ise walitoka baada ya mavuno au mwanzoni mwa mwaka. Wengine hawakwenda mbali. Walikwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto iliyo karibu, wakichukua mchele na chumvi yao, wakapanga chumba na kujipikia wenyewe. Kipimo cha kukaa kilikuwa siku saba, na aliyetaka kupona sawasawa alikaa saba tatu. Kuoga huku kwa dawa huitwa toji, na siku iliyo fupi kuliko zote katika mwaka, yapata tarehe 22 Desemba, huitwa pia toji, ingawa kwa maandishi ni maneno mawili mbalimbali. Kwa mchezo huo wa maneno hueleza watu desturi ya kuoga siku hiyo katika maji yaliyotiwa yuzu, tunda la jamii ya ndimu lenye harufu nzuri. Na jina la yuzu nalo hukaribiana na neno lenye maana ya mambo kwenda bila kizuizi. Desturi hii ilipata nguvu katika nyumba za kuogea za Edo. Kama mchezo wa maneno ulizaa desturi au desturi ilijitafutia maneno, ni swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili, wenye vitendawili na misimu yao, watalielewa.

Sasa tufike kwenye pigo lenyewe. Tarehe 9 Desemba 1872 serikali ya Meiji ilitangaza kwamba kalenda ya zamani imekwisha. Siku ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili ingekuwa tarehe 1 Januari 1873. Watu walipewa siku 23 za kujitayarisha, na mwezi wa kumi na mbili ukawa na siku mbili tu. Sababu iliyotolewa ilikuwa usahihi wa hesabu na kwenda sawa na mataifa mengine. Sababu nyingine ilielezwa baadaye na Okuma Shigenobu, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya fedha: mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa na mwezi wa nyongeza, watumishi walikuwa wameanza kulipwa kwa mwezi, na hazina ilikuwa tupu. Kwa amri moja serikali iliokoa mishahara ya mwezi wa kumi na tatu, na ya ule mwezi wa siku mbili pia. Wachapaji waliokwisha kuchapa kalenda za mwaka mpya walipata hasara kubwa. Fukuzawa Yukichi, mwalimu mashuhuri wa elimu mpya, aliandika kijitabu cha kuwafafanulia watu jambo hili, nacho kiliuzwa kwa wingi.

Hivyo mwaka mpya uling’olewa mlangoni mwa majira ya kuchipua, ukapandwa katikati ya baridi. Kila kitu kilichofungamana nao kilihama pamoja nao au kilibaki nyuma, na mpasuko ulipita katikati ya maneno. Siku ya saba ya mwaka watu walikuwa wakila uji wenye mboga saba za porini, ambazo katika kalenda ya zamani zilikuwa zimeanza kuchomoza. Tarehe 7 Januari mpya mboga hizo haziwezi kuchumwa porini katika sehemu nyingi za nchi. Leo hukuzwa kwa makusudi na kuuzwa zimefungwa pamoja. Sherehe za usiku wa mbalamwezi ya kwanza, tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, zilipoteza mbalamwezi, kwa sababu tarehe 15 Januari haijui mwezi umefika wapi. Huko Oga, vijana waliovaa vinyago vya kutisha na mavazi ya majani ya mpunga, waitwao Namahage, ambao walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba usiku huo kuwakemea watoto wavivu, sasa hutoka tarehe 31 Desemba. Setsubun, ambayo hufuata jua, haikusogea, ikabaki peke yake mwanzoni mwa Februari, mwezi mzima baada ya mwaka ilioufungulia mlango. Vijiji vingi havikukubali, vikaendelea kwa miaka mingi kufanya sherehe zao kwa kalenda ya zamani, au kwa tarehe mpya iliyocheleweshwa mwezi mmoja, suluhu ambayo ingali ikitumika katika baadhi ya sherehe hata leo.

Watunga saijiki ndio waliokuwa na taabu kuliko wote, maana wao hawakuweza kunyamaza. Kila neno lilihitaji mahali. Mwaka mpya ulikuwa na maneno yake kwa mamia, nayo yalikuwa yamekaa vizuri katika majira ya kuchipua. Sasa yangewekwa wapi? Kuyaacha katika kuchipua kungekuwa kusema uongo juu ya Januari. Kuyaingiza katika majira ya baridi kungekuwa kuuvunja ushairi wa karne mbili. Suluhu waliyoifikia naiona kuwa ya adabu kubwa: waliuumba msimu wa tano. Saijiki za siku hizi zina sehemu tano, yaani kuchipua, kiangazi, kupukutika kwa majani, baridi, na mwaka mpya; na msimu huu wa tano una muda wa siku chache tu, hauna hali ya hewa yake mwenyewe, na haupatikani mahali popote isipokuwa katika vitabu.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Wajapani peke yao. Nairuzi ya Waajemi huingia Machi, siku mchana na usiku vinapolingana, na maana yake ni siku mpya. Jina hilo lilivuka bahari likafika pwani yetu, na Siku ya Mwaka ikahesabiwa kwa siku 365 bila ya kuongeza siku katika mwaka mrefu, ikawa inateleza polepole katika majira. Mwaka Kogwa wa Makunduchi sasa hufanyika Julai. Tofauti ni kwamba ya kwetu iliteleza yenyewe, siku moja katika miaka minne, hata hakuna aliyeumia. Ya Wajapani ilisukumwa kwa amri katika siku 23.

Amri haikuja peke yake. Miezi miwili isiyotimia kabla ya tangazo, Oktoba 1872, ilikuwa imefunguliwa reli ya kwanza ya Japani, kutoka Shimbashi hadi Yokohama, na njiani palikuwa na stesheni ya Kawasaki, karibu na hekalu kubwa la Kibuddha linalojulikana kwa jina la Kawasaki Daishi. Hapo ndipo ilipozaliwa hatsumode, ziara ya kwanza ya mwaka hekaluni, ambayo kila kitabu cha wasafiri huiita desturi ya tangu na tangu. Zamani mtu alikwenda kwenye hekalu lililokuwa upande wa baraka wa mwaka huo, kwa kuhesabu kutoka nyumbani kwake, na upande huo ulibadilika kila mwaka. Au mkuu wa nyumba alikesha katika hekalu la kijiji usiku wa mwisho wa mwaka. Wanahistoria wa Kijapani wameonyesha jinsi reli ilivyovunja hesabu hiyo. Watu wa Tokyo waligundua kwamba kwa nusu siku waweza kupanda gari, kuona mashamba, kusali na kurudi. Mwaka 1899 ilifunguliwa reli ya umeme kwa ajili ya hekalu hilo la Kawasaki. Makampuni yakashindana kwa matangazo. Na kwa kuwa abiria hawawezi kugeuza reli kufuata upande wa baraka, upande ulisahauliwa. Leo mahali panapotembelewa kuliko pote katika siku tatu za mwaka mpya, na watu milioni tatu hivi, ni hekalu la Meiji mjini Tokyo, lililojengwa mwaka 1920.

Upande wa pili wa milima reli haikuifanya theluji kuwa burudani mara moja. Tarehe 23 Januari 1902 askari 210 wa kikosi cha tano cha miguu walitoka mji wa Aomori kufanya zoezi la kupita mlima Hakkoda katika theluji, kwa kujitayarisha kwa vita na Urusi. Mahali walipokusudia kulala palikuwa chemchemi ya maji ya moto ya Tashiro, mwendo wa kilomita ishirini hivi. Yasimuliwa kwamba wanakijiji waliwaonya, na kwamba walikataa kuongozwa. Hawakufika, walipotea katika tufani, na 199 walikufa. Kikosi kingine kidogo kilichotoka Hirosaki, kikiongozwa na wenyeji, kilivuka milima hiyohiyo na kurudi salama. Yaliyokuwa yameandikwa na Bokushi miaka 65 kabla yake yangalikuwa na faida kwa jeshi lile kuliko ramani.

Baada ya hapo jeshi lilitafuta maarifa ya nje. Mwaka 1910 alifika Theodor von Lerch, meja wa jeshi la Austria na Hungaria, na tarehe 12 Januari 1911 alianza kuwafundisha maofisa huko Takada, katika nchi ileile ya Echigo, kuteleza juu ya mbao mbili kwa msaada wa fimbo moja. Zoezi la vita likageuka mchezo. Kisha mwaka 1931 reli ikapenya milima kwa tundu la Shimizu, lenye urefu wa mita 9,702, na msafiri wa Tokyo akaweza kuingia gizani upande wa mbingu safi na kutokea upande wa theluji. Kawabata Yasunari alipita humo, akakaa katika nyumba ya wageni ya Yuzawa, na riwaya aliyoiandika, Yukiguni, yaani Nchi ya Theluji, ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyompatia tuzo ya Nobel mwaka 1968. Tangu kutoka kwa riwaya ile, nchi ya theluji kwa wasomaji wengi ni mahali pa kufikia kwa gari la moshi. Kijiji cha Bokushi kiko stesheni chache tu mbele ya Yuzawa.

Sapporo mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na yanafurahisha kuyasimulia. Bustani ya Odori, iliyo katikati ya mji, ilikuwa mahali ambapo wenyeji walitupa theluji waliyoikusanya njiani, kama jaa. Mwaka 1950 wanafunzi wa shule walijenga hapo sanamu sita kwa theluji hiyo. Watu wakaja kutazama, wakaendelea kuja kila mwaka, na mwaka 1972 mji huo ukapokea michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Hii ni sherehe isiyodai ukale wowote, na iliundwa na wale wenyewe walioishika koleo.

Koleo halijawekwa chini. Katika majira ya baridi ya mwaka 2005 na 2006 theluji iliua watu 152 katika Japani, wengi wao wazee waliokuwa wakipakua mapaa ya nyumba zao, katika vijiji ambavyo vijana wamehamia mjini na hurudi kwa reli wakati wa mwaka mpya. Wakati huo kadi za salamu husambazwa nchi nzima kwa mamilioni, na nyingi zimeandikwa kwa herufi nzuri kwamba kuchipua kumewadia. Huko Shiozawa kadi hizo husomwa theluji ingali ikiongezeka. Nguo za chijimi ambazo Bokushi alikuwa akiuza zingali zikifumwa, kwa sababu unyevu wa theluji huzuia nyuzi zisikatike. Na zikisha kufumwa hutandazwa juu ya theluji shambani, jua likizipiga, ziwe nyeupe. Kazi hiyo hufanywa baina ya Februari na Machi, katika siku ambazo zamani zilikuwa mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka.